Nani alikuwa jikoni? Jinsi ya kuwatafuta wanawake katika majengo ya kale ya Richmond

Mgeni akinitembelea hapa Richmond, Virginia, namwanzishia mahali ambapo jengo lenyewe halipo tena. Panda Church Hill hadi kona ya barabara za Grace na 24, penye shule ya Bellevue. Hapo lilisimama jumba la Elizabeth Van Lew, mwanamke wa Kizungu aliyeendesha ujasusi kwa ajili ya jeshi la Kaskazini, ndani kabisa ya mji mkuu wa Kusini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kusini ilipopigana ili kubaki na utumwa. Watu wengi wa mji hawakumsamehe. Alifariki mwaka 1900, na mwaka 1911 jumba likabomolewa.

Sasa jiulize: jikoni alikuwa nani? Ukiuliza habari za sebuleni utaishia kwa Van Lew. Ukiuliza za jikoni utampata Elizabeth Draper, aliyezaliwa utumwani, akawa msaidizi wa mpishi humo, na bintiye Maggie, aliyezaliwa mwaka 1864. Baadaye mama alipata riziki kwa kufua nguo za Wazungu, na Maggie ndiye aliyezipokea na kuzirudisha. Ukubwani alisema alizaliwa na kikapu cha nguo kichwani. Bibi yangu kule Tanga alifua nguo za watu hivyo hivyo, kwa hiyo hapa huwa nanyamaza kidogo.

Kisha nenda Jackson Ward, eneo la kale la Wamarekani Weusi, East Leigh Street, namba 110½. Hapo ndipo Maggie yule yule, akiwa sasa Maggie Lena Walker, alipoishi mpaka alipofariki mwaka 1934, na leo nyumba inatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa. Kuingia ni bure, ila hakikisha kwanza siku hiyo wamefungua. Usikae sana kwenye mazulia na vinara. Tazama jinsi nyumba ilivyoongezwa nyuma, kipande baada ya kipande, hadi vyumba 28: wana walioa, wajukuu wakaja, na mama yake Maggie akawa humo humo. Muulize mwongozaji kuhusu lifti. Iliwekwa kwa sababu Maggie alikuwa ameanza kutumia kiti cha magurudumu, na hakuacha kazi.

Kazi yenyewe utaiona kwenye jengo la St. Luke, mtaa wa St. James, namba 900. Kwa sisi tuliokulia kwenye upatu, hakuna haja ya maelezo marefu. St. Luke kilikuwa chama cha kuzikana na kusaidiana, na kilikuwa karibu kufa Maggie alipokishika mwaka 1899. Mwaka 1902 akaanzisha gazeti, na mwaka 1903 benki, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki na kuiongoza. Mtu mmoja alifungua akaunti kwa senti 31. Nyumba ya Maggie na jengo hilo zilikuwa za eneo moja, lakini leo barabara kuu iliyochimbwa katikati ya Jackson Ward miaka ya 1950 imezitenganisha. Vuka kwa miguu kupitia daraja, usipite na gari, ili ujue ni nini kilichokatwa.

Wanawake wasio na mabango ndio wanaonishughulisha zaidi, na hao wanatafutwa Maktaba ya Virginia, Broad Street. Omba vitabu vya zamani vya anwani za wakazi. Nilipoteza Jumamosi tatu nikimtafuta dobi mmoja kwa jina lake kabla sijaelewa kosa langu: mwanamke akiolewa jina linabadilika, akifiwa anaandikwa kama mjane wa fulani. Anza na namba ya nyumba. Ifuate mwaka hadi mwaka, uandike kila jina na kazi iliyotajwa pembeni yake.

Ukishaipata nyumba, fungua ramani za bima ya moto. Katika zile za rangi, waridi ni matofali na njano ni mbao. Mara nyingi utaona nyumba ya mbele ni ya waridi, na uani kuna kibanda kidogo cha njano. Hicho kibanda kichunguze kuliko nyumba yote. Ikiwa bado kipo, omba ruhusa ya mwenyewe uingie uangalie kama bomba la moshi ni pana kupita kiasi cha kibanda. Maji ya kufulia yalichemshiwa mahali.