SOMO: Kumpima mgonjwa wa moyo kwa kutembea dakika sita

Wadau, swali la "mgonjwa wangu katembea mita 340, ni nzuri au mbaya?" limeulizwa humu mpaka limechosha. Kabla ya kujibu lazima tujue alitembea wapi na nani alikuwa anamsemesha. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Vifaa: korido tambarare yenye sakafu ngumu, isiyopitwa na machela kila dakika, koni mbili, stopwachi, mashine ya presha, oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu), kiti, na karatasi ya kipimo cha Borg cha 0 hadi 10 (mgonjwa anataja namba ya anavyohema au alivyochoka). Oksijeni na dawa ya dharura ya kuweka chini ya ulimi ziwe karibu.

1. Pima mita 30 kwa futi, si kwa hatua zako. Weka plasta kila mita 3, koni kila mwisho.

2. Chuja. Aliyepata shambulio la moyo, au maumivu ya kifua yasiyotulia, ndani ya mwezi mmoja uliopita hatembei. Mapigo yakizidi 120 akiwa amekaa, au presha ikizidi 180 kwa 100, daktari aamue kwanza.

3. Dawa zake anywe kama kawaida. Viatu alivyozoea, mkongojo wake kama anao.

4. Akae dakika 10 karibu na mstari wa kuanzia. Andika presha, mapigo, oksijeni, na Borg mbili: ya kuhema na ya uchovu.

5. Mwelekeze: aende mbali kadiri awezavyo kwa dakika sita, asikimbie, akichoka anaruhusiwa kupunguza mwendo au kusimama, kisha aendelee akiweza. Zunguka koni mara moja umwonyeshe.

6. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Mpimaji anatembea sambamba na mgonjwa, anapiga naye soga, anapiga makofi, "kaza mama, kaza!" Mtafiti Guyatt na wenzake kule Kanada walionyesha mwaka 1984 kwamba kumhimiza mgonjwa kunamwongezea takribani mita 30. Na mita 30 ndizo hizo hizo tunazozihesabu kuwa badiliko la kweli baada ya dawa au mazoezi. Januari akipimwa na mkimya, Machi akapimwa na mwenye mdomo, utaandika kwamba dawa imefanya kazi kumbe ni mdomo. Kwa hiyo maneno yawe yale yale, sauti ile ile, mara moja kila dakika: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano." Dakika inayofuata, "zimebaki nne." Basi. Usitembee mbele yake wala ubavuni, atafuata mwendo wako. Ukilazimika kumfuata kwa usalama, kaa nyuma. Akisimama kupumzika, stopwachi HAISIMAMI. Andika alisimama dakika ya ngapi na kwa nini.

7. Dakika sita zikiisha, asimame hapo hapo. Mizunguko 6 ya mita 60 (kwenda na kurudi) ni 360. Akiwa amepita koni kwa mita 18, andika 378. Rudia vipimo vyote vya hatua ya 4.

Sitisha mara moja ukiona maumivu ya kifua, kuhema kusikovumilika, kuyumba, jasho la ghafla, kupauka, misuli ya miguu kukaza, au oksijeni chini ya 80%.

MASWALI

Mdau: Mkuu, kwetu korido ni mita 10, si sawa tu?
Jibu: Si sawa. Wa mita 360 atageuka mara 35 badala ya 11, na kila kona inamla mwendo. Kama huna nyingine itumie, ila andika "mita 10" kwenye fomu na usilinganishe na kituo kingine.

Mdau: Kwa kifupi tu, mita ngapi ndiyo salama?
Jibu: Hakuna. Kwa moyo uliochoka (usiosukuma damu vizuri), chini ya 300 ni dalili mbaya. Mengine yako juu, soma.

Mdau: Mashine ya kukimbilia tunayo, je?
Jibu: Imeandikwa korido.

Mdau: Naomba kueleweshwa, kwa nini tusitumie mapigo kupima alivyojitahidi?
Jibu: Swali zuri. Wengi wanatumia dawa za moyo kama atenololi au bisoprololi, na kazi yake ni kuzuia mapigo yasipande. Anaweza kuwa hoi na mapigo 90. Ndiyo maana Borg ni ya lazima. Tena kama mapigo yake yanaruka ruka, oksimita hudanganya. Weka stetoskopu kifuani uhesabu dakika nzima.

Mdau: Nyongeza ya Pwani: mama mwenye piko (rangi nyeusi ya urembo) vidoleni, oksimita inaweza kugoma au kusoma chini. Sisi tunahamia sikioni.
Jibu: Asante dada. Na rangi nyeusi ya kucha ni hivyo hivyo.

Mdau: Kuna kanuni ya umbali unaotarajiwa?
Jibu: Ipo ya watafiti Enright na Sherrill, 1998. Mwanamke: (2.11 × urefu kwa sentimita) − (2.29 × kilo) − (5.78 × umri) + 667. Mama wa miaka 55, sentimita 160, kilo 70, anatarajiwa mita 526 hivi. Lakini ilitokana na Wamarekani wazima wa miaka 40 hadi 80, kwa hiyo mlinganishe zaidi na yeye mwenyewe. Na mara ya pili watu huenda mbali zaidi kwa kuzoea tu, hivyo kipimo cha mwanzo kifanye mara mbili, apumzike nusu saa katikati, uchukue kikubwa.

Mdau: Wangu kijana, kavuka 600 na hahemi.
Jibu: Huyo dakika sita hazimtoshi. Mpe kipimo cha kutembea kwa mlio: koni mbili zilizoachana mita 9, kila safari ya koni hadi koni inahesabiwa mita 10 pamoja na kugeuka, anafuata mlio, na mwendo unapanda kila dakika. Akishindwa kufika koni kabla ya mlio, umepata kikomo chake.