Pasua kinundu utazame: bakteria wa soya na namna ya kuwafikisha shambani wakiwa hai

Chimbua mche mmoja wa soya ukiwa na wiki sita hivi, maua yanapoanza kutoka. Usiung'oe kwa mkono, maana ukivuta, kile unachokitafuta kinakatikia ardhini. Piga jembe pembeni, inua mche na bonge lake la udongo, ulichovye kwenye ndoo ya maji mpaka mizizi ibaki mitupu. Utaona vinundu vimejipanga karibu na mzizi mkuu, vingine kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama choroko. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kama pera lililoiva, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, kinakula sukari ya mmea bure.

Wapo wanaoviona wakadhani ni minyoo fundo. Visugue kwa kidole: kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, hubanduka kirahisi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria wa vinundu ndio wanaoigeuza iwe chakula cha mmea, nao mmea unawalipa kwa sukari. Tatizo la soya ni kwamba ni mgeni kutoka Asia, na bakteria wake hasa, Bradyrhizobium, mara nyingi hawamo katika udongo wetu au ni wachache. Karanga na kunde hazichagui sana, hujipatia bakteria wenyeji waliomo udongoni. Maharage nayo hupata wenyeji, ila wengi ni wavivu, na hata ukiyapaka bakteria wake matokeo hupanda na kushuka. Ndiyo maana mkulima wa Songea au Mbozi akiniuliza aanze kupaka bakteria kwenye zao gani, namjibu soya, hasa kama shamba halijawahi kulimwa soya. Na pakiti ya bakteria wa soya ni ya soya, usiipake kwenye maharage ukategemea muujiza.

Sasa kosa linalotugharimu. Ule unga mweusi kwenye pakiti, unaofanana na masizi, una bakteria hai. Utunze kama unavyotunza chanjo ya kideri: kivulini, pakiti ikiwa imefungwa, ukisoma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Msimu mmoja nilifunga boksi la pakiti nyuma ya pikipiki, nikazunguka nalo vijiji vitatu kuanzia asubuhi hadi saa tisa, jua likiwaka. Pakiti zilikuwa hazijapitwa na tarehe, wakulima walizipaka vizuri, na wiki ya sita tukachimbua mizizi isiyo na vinundu. Hakuna aliyenilaumu, lakini aibu ilikuwa yangu.

Upakaji ni kazi ya chini ya mti. Pakiti nyingi za gramu 100 hutosha kilo 10 hadi 15 za mbegu. Fuata kipimo kilichoandikwa. Weka mbegu kwenye beseni, nyunyizia kikombe kimoja cha chai cha maji ya vuguvugu yaliyokorogwa na sukari au gundi ya mti, geuza taratibu mpaka zing'ae, kisha mwaga unga na ugeuze tena. Usisugue, ganda la soya ni jepesi na hupasuka. Kila mbegu ikishapata weusi, ziache kivulini dakika chache zikauke, upande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na kufukia papo hapo. Mbegu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu, zile zenye rangi, zinaweza kuua bakteria, kwa hiyo nunua zisizo na dawa.

Bakteria hawaleti fosforasi. Weka TSP, mbolea ya fosforasi, mfuko wa kilo 50 kwa ekari, kwenye mtaro, uifunike na udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu ili visigusane. Urea usiipeleke kwenye soya yenye vinundu: mmea ukikuta naitrojeni ya bure haujishughulishi kuwalisha bakteria. Na udongo wenye tindikali kali, kama ulivyo sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini, unataka chokaa ya kilimo kwanza; pima udongo kabla ya kuimwaga.

Madukani siku hizi kuna chupa nyingi za "vijidudu" zinazodai kukuza mahindi, nyanya, migomba, kila kitu. Mradi wa utafiti wa COMPRO, ulioanza 2009, ulipima bidhaa za namna hii zaidi ya 100 nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria, na zilizoonyesha faida ya kweli zilikuwa chache. Bakteria wa soya ni miongoni mwa zilizofaulu. Kwa nyingine, uliza usajili wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea Tanzania, kisha jaribu mistari michache kabla ya kutoa hela ya ekari nzima.

Hata kwa soya, acha mistari minne bila bakteria. Ipande hiyo kwanza, kabla hujashika unga, la sivyo mikono na jembe vitawabeba bakteria mpaka huko na hutaona tofauti. Wiki ya sita chimbua miche mitano kila upande. Ukikuta upande uliopakwa nao hauna kitu na majani yamepauka, kupaka upya umechelewa. Hapo ndipo urea kidogo inaruhusiwa, kuokoa mavuno. Ukikuta wekundu, usinunue pakiti msimu ukirudi na soya kwenye shamba hilo, kwa maana bakteria hukaa udongoni miaka kadhaa. Chimbua kwanza.