Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za askari mwenye roho nzuri kutoka kwa wenzake

Karatasi za jeshi zitakwambia namba yake, cheo, alipoingia na alipotoka, basi. Kwamba alikua anamwachia kuruta maji yake ya kunywa hiyo haimo kwenye faili lolote, iko vichwani mwa waliolala nae handaki moja, na hao umri umeshawatupa mkono. Hata hizo karatasi nazo usizitegemee sana, Marekani mwaka 1973 moto uliunguza jengo la kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis zikateketea faili kama milioni 16 hadi 18. Kwa hiyo anza na wenzake na anza wiki hii.

Tafuta vya kuanzia: jina kamili, namba ya jeshi, kikosi, miaka, na jina la utani, hili usilidharau kabisa maana jeshini wengi hawajuani kwa majina ya kwenye cheti. Mimi nilipokua natafuta waliotumikia na baba mdogo nilimtajia mzee mmoja jina lake kamili akasema hamjui, nikataja lile la utani machozi yakamtoka palepale.

Ukimpata mmoja atakwambia nani mwingine yupo hai. Ila ongea na kila mtu peke yake kwanza, ukiwakusanya wote siku moja yule aliyekua na cheo kikubwa ndo ataongea, wengine wataitikia tu ndio afande na utaondoka na stori moja. Wakishamaliza kila mtu na yake ndo uwakutanishe, hapo utafurahi wanavyokumbushana.

Sasa maswali, hapa ndo pana kazi. Usiulize "alikuaje?", utajibiwa alikua mtu mzuri sana na imeisha, maneno hayo anaambiwa marehemu yeyote. Uliza vitu vidogo vidogo: chakula kikipungua alifanyaje, barua za nyumbani nani alikua anawasomea wasiojua kusoma, mtu akiumwa nani alimshikia zamu yake ya lindo, kuruta akikosea kwenye gwaride alimwambia nini, mateka aliwatendeaje. Kwa maswali hayo ndo nikajua baba mdogo wakitoka doria alikua anatembea nyuma kabisa ya platuni, hakuna aliyemwamuru, alitaka tu anayechoka asijikute peke yake, na wazee watatu ambao hawajaonana miaka mingi waliniambia kitu hichohicho.

Akinyamaza mwache, usikimbilie swali jingine, mara nyingi kinachofuata baada ya kimya ndo chenyewe. Vita usivichokonoe, usimuulize mtu aliua wangapi, kuna wanaoshtuka usiku mpaka leo. Ukiona hataki zima rekoda mkae tu.

Kurekodi omba ruhusa kwanza, weka simu kwenye hali ya ndege (flight mode) isije ikalia katikati, jaribu dakika moja usikilize kama sauti inatoka. Saa moja inatosha, akichoka rudi siku nyingine. Kopi weka sehemu mbili siku hiyohiyo. Nenda na picha za zamani pia, picha ya kundi inafungua mdomo kuliko swali lolote, na majina yaandike nyuma kwa penseli laini maana wino unapenya.

Wakipishana tarehe au mahali usibishane nao, linganisha na karatasi, na kama bado hazioani andika zote na nani kasema nini. Afu usimfanye malaika. Mwenzake akikwambia alikua na hasira za haraka iandike, maana waliomjua wakisoma wakaona amesafishwa hata ule wema wa kweli hawatauamini.

Ukimaliza kuandika wasomee wao kabla hujaipeleka kwa familia, kuna neno mtu alilitoa kwa uchungu atataka liondoke, liondoe bila kuuliza sababu. Kisha chapa kwa herufi kubwa, kila mzee umpe kopi yake mkononi.