Jinsi ya kusoma Antigone bila kuharakisha kumhukumu mtu

Kwanza usianze na Antigone, anza na Creon, mfalme wa Thebes (mji wa Ugiriki ya kale) na mjomba wa Antigone. Najua wengi wanamchukia hata kabla hajafungua mdomo, ila hii tamthilia ya Sophocles (karne ya 5 KK) inampa hoja nzito: Thebes imetoka vitani jana tu, ndugu wawili wameuana, na mmoja wao, Polynices, kaka wa Antigone, ndo alileta jeshi la nje kuuchoma mji wake mwenyewe, sa huyo azikwe kwa heshima kweli? Ndo maana Creon anapiga marufuku asizikwe, ila Antigone anamzika hivyohivyo.

Hapo ndo uende kwa Antigone anavyomjibu kuhusu sheria za miungu zisizoandikwa, ambazo tangazo la binadamu haliwezi kuzifuta.

Alafu mfuatilie Creon anavyoteleza, utamu wote uko hapa. Adhabu aliyotangaza ni kupigwa mawe hadharani, baadae anaamua binti afungiwe pangoni akiwa hai, na Haemon, mwanae mwenyewe na mchumba wa Antigone, akimwambia watu mjini wanamlilia binti chinichini maana wanamuogopa mfalme, mzee anajibu kama vile mji ni shamba lake. Ismene, dadake Antigone, usimruke, wanamuita muoga, mi naona anaonewa, si baadae anaomba kufa na dadake anakataliwa?

Tiresias, yule nabii kipofu, akishaonya, angalia mpangilio: Creon anazika maiti kwanza, pango baadae, na akifika binti kashajinyonga.