Banda la chipsi: piga hesabu kabla ya kununua kabati

Wengi wakitaka kufungua banda la chipsi huanzia kwa fundi wa kuchomelea. Kabati la kioo linatengenezwa, linapakwa rangi, jina linaandikwa kwa herufi za kuvutia, halafu hela iliyobaki haitoshi viazi na mafuta ya wiki mbili. Kabati si biashara. Nusu ya mtaji wako isiguswe na vifaa kabisa: hiyo ni ya mzunguko, yaani viazi, mafuta, mayai, mkaa, pamoja na wiki za mwanzo ambazo wateja bado hawajakuzoea. Kabati lililotumika lipo, jiko la mkaa la kuazima lipo. Usichoweza kuazima kila asubuhi ni hela ya gunia.

Eneo

Chipsi ni biashara ya jioni na usiku. Ukienda na dalali kuangalia fremu saa nne asubuhi, hujaona kitu. Kaa hapo jioni tatu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku: Ijumaa moja, siku moja ya katikati ya wiki, na siku moja baada ya tarehe 20, mifuko ya watu ikiwa imekauka. Hesabu sahani na vifurushi vinavyotoka kwa muuzaji aliye karibu. Ukipitwa, kesho yake tazama trei tupu za mayai zilizorundikwa nyuma ya banda. Trei moja ni mayai 30, yaani zege (chipsi mayai) 15 za mayai mawili. Trei hizo husema kweli kuliko mwenye banda.

Karibu na baa, hosteli za wanafunzi na kijiwe cha bodaboda panalipa. Kwenye kituo cha daladala, chagua upande ambao watu wanashukia jioni wakirudi nyumbani. Anayepanda gari hana muda wa kusubiri chipsi zikaangike. Kodi ukilipa, iwe kwa mkataba wa maandishi, serikali ya mtaa ikishuhudia, na ndani yake iandikwe kwamba unaruhusiwa kuwasha jiko. Mpangaji wa juu anayelalamikia moshi anaweza kukutoa mwezi wa kwanza ukiwa umeshalipa miezi sita.

Sahani moja inakugharimu ngapi?

Hapa ndipo biashara ilipo. Bei zifuatazo ni za mfano tu wa kupigia hesabu. Weka za soko lako.

Sahani ya chipsi kavu inataka gramu 450 hivi za viazi vyenye maganda. Ukimenya vizuri unapoteza kama asilimia 20, zinabaki 360. Zikiingia kwenye mafuta maji yanatoka kwa mvuke, na mezani inafika karibu gramu 200. Tuseme kilo ya viazi ni shilingi 1,200: viazi vya sahani ni 540. Mafuta mililita 40 kwa bei ya 5,000 kwa lita ni 200. Mkaa 100. Kachumbari, tomato, kifungashio na vijiti vya meno 150. Jumla 990. Ukiuza 2,000, sahani inakuachia 1,010.

Sasa gharama za siku, uuze usiuze: kijana wa kumenya na kuosha 8,000, taa na usafi 2,000, kodi ya 100,000 kwa mwezi ukigawa kwa siku 26 ni kama 3,850, na posho yako mwenyewe 15,000. Ndiyo, yako pia iandikwe. Asiyejilipa hula mtaji bila kujua. Jumla ni 28,850, ukigawa kwa 1,010 unapata sahani 29. Chini ya hapo unafanya kazi ya hasara hata kama foleni ilionekana ndefu.

Zege lina mtego wake. Mayai mawili kwa trei ya 10,500 ni shilingi 700, ongeza 50 ya mafuta ya kikaango. Ukiliuza 3,000, umeongeza mapato ya 1,000 kwa gharama ya 750. Kwa hiyo zege linaleta 250 tu zaidi ya chipsi kavu, ikiwa umeweka chipsi zilezile. Ndiyo maana wazoefu hupunguza chipsi za zege hadi theluthi mbili ya sahani. Mteja hashindi njaa, kwa sababu mayai yanajaza sahani.

Viazi

Nunua kwa mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imepigwa marufuku, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini ukinunua kwa macho bado utauziwa matope na viazi vya ukubwa wa limau chini ya gunia. Vidogo vinakula muda wa kumenya na vinatoa vipande vifupi ambavyo mteja huona kama makombo.

Usinunue gunia zima kabla ya kujaribu. Koroga kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza viazi vitatu. Vinavyozama vina wanga mwingi na vitakaangika vikavu. Vinavyoelea vina maji mengi: vitakunywa mafuta na kulegea. Viazi vichanga, vile ambavyo ganda linachubuka kwa kidole gumba, navyo viache kwa wapika rosti. Vyenye rangi ya kijani vina sumu na uchungu. Kata sehemu hiyo kwa kina, na kama imeenea, tupa.

Hifadhi gizani, mahali penye hewa, juu ya mbao na si kwenye sakafu. Usiweke kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zinakuwa za kahawia nje kabla ya kuiva ndani. Watu hulaumu mafuta au mpishi, kumbe ni friji.

Umenyaji unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kisu kikubwa mkononi mwa kijana mwenye haraka kinaondoa asilimia 30 badala ya 20. Ili upate gramu 360 zilezile utahitaji gramu 514 za viazi, yaani shilingi 617 badala ya 540. Shilingi 77 kwa sahani, sahani 40 kwa siku, ni zaidi ya 3,000 zinazoingia kwenye ndoo ya maganda kila jioni. Mnunulie kimenyeo.

Mafuta

Faida ya chipsi hufia kwenye karai. Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwa moto wa wastani, dakika tano au sita, mpaka kipande kilainike bila kubadilika rangi, kisha zichuje na uziache zipoe. Mteja akiagiza, rudisha kwenye mafuta ya moto mkali dakika mbili au tatu. Ukiwa huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja: kikizama na kukaa chini bila povu, mafuta hayajafika. Kikipanda haraka huku kikichemka pembeni, endelea.

Kosa kubwa ni kujaza karai kwa sababu foleni imekuwa ndefu. Lita sita za mafuta zinabeba kilo moja ya viazi kwa mkupuo. Ukimwaga kilo tatu, joto linaanguka, chipsi zinachemka badala ya kukaangika, na zinanyonya. Mililita 40 zinakuwa 80. Hiyo ni shilingi 200 zaidi kwa sahani, na kwa sahani 40 ni 8,000: posho yote ya yule kijana. Na chipsi zenyewe zinatoka zimelowa, mteja anafuta vidole kwa karatasi na harudi. Kausha viazi kwa kitambaa kabla ya kuvitia, maji ndiyo yanayorusha mafuta usoni. Chumvi usinyunyizie juu ya karai, inaharibu mafuta. Nyunyizia kwenye kabati.

Usiku, mafuta yakishapoa, yachuje kwa kitambaa safi na uyafunike. Makombo yakibaki yanaungua kesho yake na kuyatia weusi. Yakianza kufuka moshi kabla hujatia kitu, au povu likawa dogodogo na gumu kuisha, yamekufa. Usiyafufue kwa kuongeza mapya. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa mtaani yasiyosafishwa hutoa povu na moshi mapema. Kwa karai la biashara, mafuta ya mawese yaliyosafishwa hudumu zaidi.

Weka mfuniko wa bati unaofunika karai lote, uwe karibu na mkono. Mafuta yakishika moto, funika na utoe moto chini. Anayemwagia maji huunguza banda na watu.

Karatasi

TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ukiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Leseni au kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo ulizia halmashauri yako, ofisi ya biashara. Wote mnaogusa chakula mpimwe afya, na cheti hurudiwa kila baada ya miezi sita. Bwana afya atauliza maji ya kunawa, ndoo ya taka yenye mfuniko na sare. Viwe tayari kabla hajafika. Weka daftari la mauzo tangu siku ya kwanza, kwa sababu asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi kwa kiwango cha jumla. Ukihitaji mkopo, kabla ya kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani uliza mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hela ya usiku

Kabla ya kufunga, toa kwanza hela ya viazi, mafuta, mayai na mkaa wa kesho, uiweke bahasha ya peke yake. Kisha hela ya kijana, ya taa na usafi, na fungu la kodi ya fremu. Kisha posho yako. Kinachobaki ndiyo faida. Lipa namba, ile ya kupokelea malipo ya simu, iwe ya biashara tu. Ukiichanganya na ya nyumbani, vocha na luku zitakula gunia. Madeni ya vijana wa kijiweni yawekee kikomo cha sahani moja kwa mtu, jina likiwa kwenye daftari.

Ukivuka sahani 45 kwa siku wiki tatu mfululizo, ongeza mishikaki, kwa kuwa mkaa umeshawaka. Kuku subiri mpaka uwe na friji ya uhakika, maana vipande vitatu vya robo kuku vilivyolala bila kuuzwa vinaondoka na faida ya sahani nyingi za chipsi.