Mnataka ukumbi mkubwa wa jiji? Anzeni na kalenda, ramani baadaye

Wadau, siku hizi kila halmashauri inataka ukumbi mmoja wa kila kitu, matamasha, harusi, mikutano, basketi, na mimi naunga mkono kabisa, ila kabla hamjamwita msanifu wekeni kalenda ya mwaka mzima mezani muandike wiki kwa wiki nani atakodi na watu wangapi. Jumamosi haina shida. Jumanne je? Mahafali, semina, mikutano ya vikoba, hao ndo watawalipia umeme, na wengi wao ni watu 200 au 300 tu, kwa hiyo wekeni kuta za kuhamishika ukumbi ugawanyike. Tafuteni na mteja mkubwa anayerudi kila mwaka. Wenzetu Kigali walifungua arena yao ya watu 10,000 mwaka 2019, na tangu 2021 ligi ya basketi ya Afrika inarudi pale, halafu siku zingine wanapiga matamasha.

Kiwanja msichukue kisa cha bure. Pale Jangwani Dar mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyowekwa pale imeshaingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Nendeni kwenye eneo lenu masika, muulize wazee wa mtaa maji yanafika wapi. Muulize pia daladala ya mwisho inapita saa ngapi maana shoo ikiisha saa sita usiku watu watarudije? Cheti cha mazingira cha NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa) anzeni kukifuatilia mapema.

Sakafu sasa. Wengi wanapima kwa basketi, mita 28 kwa 15, wakishamaliza ndo wanagundua netiboli inataka 30.5 kwa 15.25, na netiboli kwetu ina wachezaji kila shule na kila taasisi! Pimeni kwa netiboli, ongezeni nafasi pembeni, basketi na voliboli zitaenea humo humo. Juu ya uwanja basketi inataka mita 7 zisizo na kitu, kwa hiyo taa na spika zinaning'inia juu ya hapo, na paa lihesabiwe uzito huo toka mwanzo. Chini ya bati wekeni kizuia sauti, la sivyo mvua ikinyesha mgeni rasmi hasikiki.

Milango naomba msibane bajeti hata kidogo. Machi 2021 pale uwanja wa Uhuru Dar wakati wa kumuaga Rais Magufuli tulipoteza watu 45 kwenye msongamano, inauma mpaka leo. Zimamoto waitwe ramani ikiwa bado ya penseli, milango ifunguke kwa nje, iwe pande zote, na watu wakiwa ndani hakuna kufuli. Wa viti vya magurudumu wapite mlango mmoja na wenzao, sio nyuma jikoni.

Mlango wa mizigo fuso liingie kinyumenyume mpaka jirani na jukwaa, mkisahau hilo vijana watabeba spika kwa mabega kupita katikati ya wageni. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, sehemu ya kuswali na kutawadha, jenereta mbali na ukuta wa jukwaa, vizimba vya mama lishe vyenye maji.

Halafu pesa ya kuendesha ukumbi miaka miwili ya kwanza, mafundi, walinzi, usafi, iwe kwenye akaunti yake kabla mkandarasi hajasaini.