Umeolewa kwenye familia ya Wajamaika London? Ugomvi wa bibi na wajukuu unaucheza hivi

Kwanza usichague upande. Bibi kafika mwanzoni mwa miaka ya 60 Jamaika ikiwa bado koloni, mumeo kazaliwa Brixton, mtaa wa London, mtoto anasema yeye ni Muingereza mweusi basi, bibi akisikia hivyo anasusa chakula. Usimjibu mezani! Ngoja Jumapili asubuhi, ingia jikoni umsaidie ule wali wao wa nazi na maharage, pilipili mbuzi nzima inatupiwa juu bila kupasuliwa, hapo ndo anafunguka, na mtoto umpe kazi ya kurekodi kwenye simu maana bibi akihojiwa hagombi.

Ila msiishie kwenye stori, ulizeni na makaratasi. Waliofika kabla ya 1973 wengi hawakupewa hati yoyote, kadi zao za kuingilia nchini, serikali ikaziharibu 2010, mpaka skendo ya Windrush (wahamiaji hawa wenye haki ya kuishi Uingereza kutendewa kama hawana vibali) inalipuka 2018 kuna watu washapoteza kazi na wengine washarudishwa visiwani walikotoka wakiwa watoto. Kijana akielewa hilo hamcheki tena bibi kwa kutunza kila risiti.

Kipatwa, ile lugha yao ya Jamaika? Bibi aongee, mtoto ajibu anavyoweza. Nywele za mtoto sasa, hizo jamani aamue mwenyewe.